Kijana mwenye usonji akizidiwa na wasiwasi: mazingira, tiba, dawa, au uanze na wewe mzazi?

Saa moja kasoro robo asubuhi. Mwanangu amesimama mlangoni, begi mgongoni, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Ana miaka 14. Halii, hagomi, hasemi neno. Anakikodolea macho kile kiatu kama mtu aliyeletewa barua ya lugha asiyoijua. "Vaa twende, tunachelewa." Kimya. Nikarudia. Mara ya nne nikapaza sauti, naye akateremka taratibu mpaka sakafuni, akajifunika kichwa kwa mikono yote miwili, na shule ya siku ile ikaishia pale mlangoni.

Nikaanza kuuliza watu. Mmoja akaniambia nimpeleke kwa mtaalamu azungumze naye. Wa pili: dawa zipo, mnateseka kwa nini? Wa tatu: mwache apumzike, usimlazimishe chochote. Wa nne, tena ndugu wa damu, akasema tatizo ni mimi, namdekeza. Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Miaka mitatu baadaye nakiri kwamba wote wanne walishika kipande cha ukweli, hata yule ndugu, ingawa sijampa raha ya kulisikia hilo. Walichokosea ni kuniwekea njia hizo kana kwamba zote zinatibu kitu kimoja, kazi yangu ikawa ni kuchagua niipendayo.

Kabla hujachagua

Wasiwasi si usonji (autism) wenyewe. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2011 ulikusanya tafiti 31 zilizohusisha watoto na vijana zaidi ya 2,000 wenye usonji, ukakuta kwamba takriban 40 katika kila 100 walikuwa pia na angalau aina moja ya ugonjwa wa wasiwasi. Maana yake ni mbili. Kwanza, ni jambo la kawaida mno, si wewe uliyeharibu. Pili, wengi wao hawana ugonjwa huo, kwa hiyo yule anayekwambia "hao ndivyo walivyo" anakuzuia kutafuta msaada ambao upo.

Shida ni kuutambua. Kijana wangu hajawahi kuniambia "nina wasiwasi". Anauliza swali lilelile mara kumi. Tumbo linamuuma Jumapili jioni. Anapanga vitu vyake kwa mstari kwa ukali kuliko kawaida, anamfokea mdogo wake kwa kijiko. Na ukimuuliza "unajisikiaje?" anajibu "sijui". Nilidhani ananikwepa. Kumbe karibu nusu ya watu wenye usonji hupata taabu kuzitambua hisia zao na kuzipa majina. Anaposema hajui, hajui kweli.

Kwa hiyo swali langu la kwanza siku hizi ni hili: kinachomtisha kipo, au hofu imeshakua kuliko kitu chenyewe? Kengele ya shule inayomchoma masikio ipo. Mwenzake anayemsukuma kwenye korido yupo. Hofu ya namna hiyo ni taarifa, na hakuna tiba ya mazungumzo inayopaswa kumfundisha mtoto kuzoea kuonewa. Lakini kuogopa kwamba mama akichelewa dakika tano amekufa, hiyo ni hofu iliyoota mizizi yake yenyewe. Vijana wengi wanazo zote mbili, zimesokotana, na sehemu kubwa ya kazi ni kuzitenganisha.

Kama mabadiliko ni ya ghafla, daktari aanze na mwili: jino, tumbo, usingizi, na pia kifafa, maana umri wa kubalehe ni mojawapo ya vipindi ambavyo kifafa huweza kujitokeza kwa mara ya kwanza kwa mtu mwenye usonji. Na akizungumzia kufa au kujiumiza, hata kwa sauti tulivu kabisa kama anayesoma ratiba ya basi, mpeleke kwa wahudumu wa afya siku hiyo hiyo. Vijana wetu wamo katika kundi lenye hatari kubwa zaidi kwa hilo, na sauti yao mara nyingi haifanani na uzito wa wanachokisema.

Kubadilisha mazingira au kumpeleka tiba?

Hapa ndipo wazazi wengi tunapogawanyika, na hapa ndipo nitakapokaa muda mrefu.

Kubadilisha mazingira ni kuondoa au kupunguza kinachoumiza: vizuia kelele vya masikioni, ruhusa ya kutoka darasani dakika chache kabla ya wenzake, ratiba ya siku iliyoandikwa, kumwambia mapema kitu kinapobadilika, saa nzima ya kuachwa peke yake akirudi nyumbani, na (hii ilinigharimu kiburi) mzazi kupunguza maneno. Sentensi moja, kisha unahesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Mimi ni mtu wa maneno. Kumi ni mbali sana.

Ubora wake ni kwamba matokeo huonekana haraka, pengine ndani ya siku chache, na hakumtaki kijana aweze kueleza hisia zake. Kunamfaa hata yule asiyezungumza kabisa. Kuhusu kile kiatu, hatukupata jibu kwa kuuliza. Tulichora siku nzima kwenye karatasi ndefu, kutoka kuamka mpaka kulala, nikampa kalamu nyekundu na ya kijani. Nyekundu ya kwanza aliiweka kwenye soksi: mshono uliokuwa ukimkwaruza kidole gumba. Ya pili, nene mpaka karatasi ikachanika, aliiweka kwenye kipindi cha kwanza, kilichokuwa kimehamishiwa chumba kingine wiki ile bila mtu kumwambia. Soksi tulizigeuza ndani nje. Shule ikakubali kumpa taarifa ya mabadiliko jioni ya siku iliyotangulia. Asubuhi tatu kati ya nne zikatengemaa. Bila dawa, bila mtaalamu.

Asubuhi ya nne ndiyo iliyonifundisha mipaka ya njia hii. Hofu ikipewa nafasi huomba nafasi nyingine. Alianza kwa kutotaka sherehe, tukasema sawa. Kisha hataki wageni nyumbani. Kisha hataki kutoka Jumamosi, kisha Jumapili. Kila tulichokiondoa kilileta nafuu ya saa moja, na kukirudisha kukawa kugumu maradufu. Kuna tofauti kati ya kumpunguzia mzigo na kumpunguzia dunia, na kwa siku moja zinafanana kabisa. Huzitofautishi mpaka uandike. Chukua daftari, kila Ijumaa orodhesha mambo anayoyafanya. Mabadiliko mazuri ya mazingira hurefusha orodha: amevaa vizuia kelele, sasa anaweza kukaa sebuleni na binamu zake. Orodha ikipungua wiki tatu mfululizo, unachokifanya kinailisha hofu.

Tiba inaingia hapo. Inayotajwa zaidi kwa wasiwasi ni tiba ya fikra na tabia: kijana anajifunza kutambua dalili za hofu mwilini, kuyahoji mawazo yanayomtisha, na juu ya yote kukikabili kile anachokiogopa kwa ngazi ndogondogo. Ni polepole, miezi kadhaa. Inataka ushirikiano wake. Ikifanikiwa, huwa amepata kitu ambacho mazingira hayawezi kumpa: anaondoka nacho kokote aendako, hata mahali ambapo hakuna anayemjua.

Hatari yake ni kutumiwa pasipohusika. Kijana anayeumizwa na kelele akipelekwa kwa mtu wa kumfundisha "kuvumilia", atajifunza kweli kuvumilia, yaani kujikaza mbele za watu na kusambaratika akifika nyumbani. Walimu watakusifia maendeleo. Wewe utabaki na mabaki. Msimamo wangu ni mazingira kwanza kwa vinavyoumiza kweli, na tiba kwa hofu iliyobaki baada ya hapo. Sijaona sababu ya kugeuza mpangilio huo, isipokuwa kijana mwenyewe akiomba kuonana na mtu.

Kuna ambao wameenda mbali zaidi upande wa mazingira na kuondoa karibu madai yote, yaani kila kinachomtaka kijana afanye jambo. Wengi wanajenga hoja juu ya kazi ya mwanasaikolojia wa Uingereza Elizabeth Newson, ambaye tangu miaka ya 1980 aliwaeleza watoto wanaokwepa madai ya kila siku kwa kupita kiasi. Jina alilolitoa (kwa Kiingereza, pathological demand avoidance) halimo katika miongozo mikuu ya uchunguzi wa magonjwa, na wataalamu bado wanabishana. Kwa kijana aliyechoka mpaka haogi wala hali, kushusha madai kwa wiki kadhaa kunaweza kuwa ndiyo huduma ya kwanza. Kama mtindo wa maisha wa miaka, sikushauri bila mtaalamu wa kukuangalia kwa nje.

Tiba ipi, kwa nani?

Tiba ya kawaida na tiba iliyorekebishwa kwa ajili ya usonji zinafanana kwa jina tu. Iliyorekebishwa hutumia michoro na maandishi kuliko mazungumzo, kipimo cha namba badala ya "eleza hisia zako", mambo anayoyapenda kijana kama njia ya kumfundishia, na mzazi anakuwa ndani ya kazi, hasubiri nje akiangalia saa. Jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2020 lililinganisha hayo moja kwa moja kwa watoto 167 wenye usonji: wengine walipewa tiba iliyorekebishwa, wengine ya kawaida, wengine huduma waliyoizoea. Iliyorekebishwa ilishusha wasiwasi zaidi. Lakini hata ya kawaida iliishinda huduma ya mazoea, kwa hiyo kama karibu nawe yupo mtaalamu wa kawaida tu mwenye masikio, usimdharau.

Angalia lakini ni watoto gani hao: wa miaka 7 hadi 13. Mwenye kijana wa miaka 17, au asiyezungumza, asiuziwe matokeo hayo kama yake.

Kikao cha kwanza mimi huuliza mambo mawili. Akisema "sijui" mara tano mfululizo, utafanyaje? Na je, lazima akutazame machoni? Mtaalamu mmoja alinijibu swali la pili kwa fahari kwamba hilo ndilo angeanza nalo. Tulimshukuru, tukaondoka. Aliyefuata alimtolea mwanangu karatasi yenye mistari, wakakaa ubavu kwa ubavu kama watu wanaosubiri treni, wote wawili wakitazama karatasi. Dakika ya ishirini mwanangu akaandika neno lake la kwanza kuhusu hofu yake: "ujumbe".

Au mgonjwa ni utaratibu wetu wa nyumbani?

Neno hilo lilinihusu mimi. Kila nilipotoka, alikuwa akinitumia ujumbe: umefika? Nikijibu, ananyamaza dakika tatu. Umefika? Mchana mmoja nilihesabu 37. Nilijibu zote, nyingine nikiwa nimesimama kwenye foleni, nyingine chooni. Nilidhani huo ndio upendo.

Katika Chuo Kikuu cha Yale huko Marekani, mwanasaikolojia Eli Lebowitz na wenzake wameunda tiba inayofanywa na wazazi peke yao. Mtoto hahudhurii hata kikao kimoja. Jaribio lao la watoto 124 wa miaka 7 hadi 14 wenye magonjwa ya wasiwasi lilionyesha kwamba watoto ambao wazazi wao ndio waliofundishwa walipata nafuu sawa na waliopelekwa wenyewe kwenye tiba ya fikra na tabia. Halikulenga usonji, na hilo lipewe uzito wake. Ila kwa familia yenye kijana anayekataa katakata kumwona mtaalamu, hii ndiyo njia iliyobaki wazi wakati nyingine zote zimefungwa.

Kazi yenyewe ina pande mbili. Unamwonyesha kwamba unaelewa ni kugumu na unaamini ataweza, katika pumzi moja. Kisha unapunguza, kwa mpango uliotangazwa mapema, kile unachofanya ili kuinyamazisha hofu. Sisi tuliandika kwenye karatasi na kuibandika jikoni: wiki hii mama atajibu ujumbe mitano, wiki ijayo mitatu, kisha mmoja wa kufika na mmoja wa kuondoka. Siku mbili za kwanza zilikuwa mbaya. Alirusha simu ukutani. Wiki ya nne alisahau kuutuma ule wa kuondoka, mimi ndiye niliyekaa nikiitazama simu.

Upande huu una mtego, na wanaoufundisha bila kuujua usonji huuingia. Kumpa kijana vizuia kelele si kumdekeza. Kumwandikia ratiba si kumdekeza. Hivyo ni kama miwani, havina siku ya kuondolewa. Kinachopunguzwa ni majibu yangu kwa hofu tu, yale ambayo yakizidi hofu nayo inazidi. Mtu akikushauri uondoe vyote kwa pamoja, uliza tena ana uzoefu gani.

Dawa

Nitakuwa mfupi kwa sababu uamuzi huu si wa makala, ni wa daktari anayemwona kijana wako. Ila ukiingia chumbani kwake, ingia ukijua dawa ipi ni ya nini.

Dawa za kundi linalotibu sonona (ile huzuni nzito ya muda mrefu) ndizo zinazoandikwa zaidi kwa wasiwasi. Kwa vijana wasio na usonji zina ushahidi mzuri. Kwa wetu ushahidi ni mwembamba. Zilipojaribiwa kwa kitu kingine, yaani kupunguza tabia za kujirudiarudia, jaribio la mwaka 2009 lenye watoto 149 halikuona tofauti kati ya sitalopramu, mojawapo ya dawa hizo, na kidonge kisicho na dawa ndani, huku madhara yakiwa mengi zaidi kwa waliopewa dawa. Kwa hiyo kama lengo ni kumkomesha asipungepunge mikono, kataa kwa adabu. Kupungapunga si ugonjwa, tena mara nyingi ndiko kunakomtuliza. Kama lengo ni wasiwasi unaomzuia kula, kulala au kushiriki tiba, hapo mazungumzo yana maana: dawa inaweza kushusha maji kiasi cha yeye kugusa chini kwa miguu, ndipo tiba ifanye kazi. Huanzwa kwa kipimo kidogo, huchukua wiki kadhaa, na haikatishwi ghafla. Wengine huchangamka kupita kiasi au kukosa usingizi. Tangu mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani imezitaka ziwe na onyo kali kuhusu mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana, kwa hiyo wiki za mwanzo unamwangalia kwa karibu, na unaandika.

Risperidoni na aripiprazoli ni habari nyingine. Ziliidhinishwa Marekani, mwaka 2006 na 2009, kwa ajili ya hasira na vurugu zinazoambatana na usonji, si wasiwasi. Zinaweza kumnenepesha kijana upesi. Kuna wanaozihitaji kweli. Lakini kama hasira ya kijana wako inatoka kwenye hofu, uliza kwanza hofu imeshughulikiwaje.

Na wewe?

Nimeiacha mwisho kama sote tunavyoiacha mwisho. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa akina mama 243 wa watoto wenye ulemavu, wengi wao wakiwa na watoto wenye usonji. Waligawiwa mafunzo mawili ya wiki sita: moja la kutulia na kuwa makini na pumzi na mwili, lingine la kushughulikia hatia, mgogoro na mawazo mabaya kwa kujenga uwezo wa kuona mema. Waliofundisha hawakuwa madaktari, walikuwa wazazi wenzao waliopewa mafunzo. Yote mawili yalishusha msongo, sonona na wasiwasi, ila lile la kutulia lilileta nafuu kubwa zaidi kwa wasiwasi, sonona na usingizi.

Ukinilazimisha kuchagua, takwimu zinasema kutulia. Mimi nilijaribu nikashindwa. Dakika ya pili ya kuvuta pumzi nilikuwa nimeshapanga wiki nzima. Kilichonishika ni kikundi cha wazazi watano tunaokutana kila baada ya wiki mbili, ambapo mtu anaweza kusema "leo nimemchukia" na hakuna anayeshtuka. Mume wangu hakuweza kikundi hata siku moja, akaenda na pumzi, na ndiye anayelala. Tumegawana: Jumanne jioni ni zangu, Alhamisi alfajiri ni zake, na anayebaki ndiye anayejibu ule ujumbe mmoja wa kufika.